Gata jipya, ukuta bado unaloa

Mkuu, unasema umefunga gata jipya (mfereji wa kukinga maji ya paa), maji bado yanateremka ukutani, fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa unaoshika gata, imeanza kuvimba, na fundi anataka umnunulie gata pana zaidi. Usitoe hela kwanza. Hapa Mikindani, Mtwara, nimesumbuka na jambo hilohilo misimu miwili.

Mimi nililaumu viungo. Nikaziba vyote kwa silikoni, mvua za Desemba zikaja, ukuta ukaloa vilevile. Siku moja ya manyunyu nikaegemeza ngazi, nikachungulia chini ya bati. Hapakuwa na tundu. Tone linafika ncha ya bati, badala ya kudondoka linageuka, linatambaa kinyumenyume chini ya bati mpaka kwenye fisha bodi, kisha linashuka nyuma ya gata. Maji hung'ang'ania bati, hasa mvua ikiwa ndogo na paa likiwa limelala. Mvua kubwa huyarusha mbele, ndiyo maana fundi akimwaga ndoo nzima juu ya paa haoni kosa. Mwaga kwa kikombe.

Pima bati limetoka kiasi gani nje ya fisha bodi. Langu lilitoka sentimita 2 tu. Lingeingia juu ya gata kama sentimita 5 ingekuwa salama. Likizidi sana nalo, mvua kubwa inavuka gata inamwagikia uani. Kubadili mabati yote kwa ajili ya sentimita 3 ni wendawazimu. Tulinunua bati bapa, fundi akang'oa misumari ya mstari wa chini, akachomeka ukanda uliokunjwa: upande mmoja umelala juu ya papi (mbao inayopigiliwa mabati) ya mwisho, chini ya mabati, mwingine unashukia ndani ya gata. Ncha ya chini aliikunja kidogo kuelekea nje, na hapo ndipo tone linapokatika. Vipande vipandiane sentimita 10. Ukivikutanisha ncha kwa ncha umerudi ulikotoka.

Misumari mipya iwe ya bati, yenye mpira, na ipigwe mgongoni mwa bati, si bondeni. Kingo zilizokatwa zipakwe rangi ya kuzuia kutu, maana chumvi ya huku pwani haina simile. Gata liinamie kwenye tangi, sentimita 1 kwa kila mita 3 hivi, kwa uzi, si kwa macho.

Upande ule wa paa langu una mita za mraba 40. Mvua ya milimita 20 ni lita 800, na nilikuwa nikiunywesha ukuta! Ila mtafute fundi kabla ya minada ya korosho, hela ikishaingia mtaani kila mtu anaezeka.

Hiyo fisha bodi iliyovimba ichome kwa bisibisi kabla hujafunga chochote. Yangu bisibisi ilizama hadi kwenye mpini. Gata lote lilikuwa limeshikiliwa na unga wa mbao.