Wasomaji Wauliza: Maji ya Hewani, Jiwe Linaloelea na Betri za Sodiamu

Swali: Ndugu Mhariri, ninafundisha kemia katika shule ya sekondari mjini Garissa. Wanafunzi wangu wamesikia kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025 walipewa watu waliogundua unga unaovuna maji kutoka katika hewa ya jangwani, nao wananiuliza mbona unga huo haujafika kwetu. Niwajibu nini?
*Mwalimu, Garissa*

Jibu: Mwalimu, waambie kwanza kwamba tuzo hiyo haikutolewa kwa ajili ya maji. Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne na Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walituzwa kwa kubuni namna ya kuunganisha metali na molekuli za kikaboni hadi zikawa kiunzi chenye vyumba vitupu ndani yake. Kuvuna maji ni matumizi mojawapo tu kati ya mengi yaliyofuata. Wanakemia huviita viunzi hivyo kwa kifupi cha Kiingereza MOF (metal-organic framework). Metali hukaa kwenye pembe, molekuli za kikaboni huwa boriti zinazoziunganisha pembe hizo, na mkemia akibadilisha boriti, ukubwa wa vyumba na tabia ya kuta zake hubadilika pia. Robson alianza mwaka 1989 kwa ioni (atomi zenye chaji ya umeme) za shaba na molekuli yenye mikono minne, akapata fuwele iliyopangika vizuri lakini isiyo imara. Mwaka 1997 Kitagawa alionyesha kwamba gesi inaweza kuingia na kutoka katika kiunzi bila kukibomoa, na mwaka 1999 Yaghi akatangaza MOF-5, ambayo hustahimili joto la nyuzi 300 za Selsiasi ikiwa tupu, na ambayo gramu chache zake zina kuta zenye eneo la kutosha uwanja mzima wa mpira.

MOF-5 hiyo maarufu, hata hivyo, huharibika ikikaa kwenye unyevu, kwa hiyo haifai kabisa kwa kazi ambayo wanafunzi wako wanaifikiria. Ilibidi vitafutwe viunzi vingine, kama vile MOF-801 yenye zirkoni na MOF-303 yenye alumini. Usiku, hewa inapopoa na unyevu wake kuongezeka, molekuli za maji hunaswa kwenye kuta za vyumba. Mchana jua linapoupasha unga wa kiunzi hicho, maji hutoka yakiwa mvuke, hugusa sehemu iliyo baridi zaidi na kutiririka. Ugumu uko katika kupata kiunzi kinachoyapenda maji kwa kiasi tu. Zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo, kwa mfano, hunasa maji hata katika hewa kavu, lakini huyang'ang'ania mpaka ipashwe moto mkali, na jua peke yake halitoshi kuifanya iyaachie.

Sasa tazameni tarakimu, maana hapo ndipo habari za magazeti na hali halisi huachana. Mwaka 2017 kundi la Yaghi na la Evelyn Wang wa taasisi ya MIT walikadiria kwamba kilo moja ya MOF-801 inaweza kutoa lita 2.8 kwa siku katika hewa yenye unyevu wa asilimia 20. Kifaa kilipopelekwa nje, katika jangwa la Arizona nchini Marekani, kwa mzunguko mmoja wa usiku na mchana kilitoa takribani robo lita kwa kilo. Mwaka 2019 kifaa kingine, kilichotumia MOF-303 na kuendeshwa kwa umeme wa sola ili kirudie mizunguko mingi kwa siku, kilitoa lita 0.7 kwa kilo katika jangwa la Mojave. Baadaye, katika bonde la Death Valley, kwa nguvu ya jua peke yake, kiasi kilikuwa tena chini ya robo lita. Wapigishe wanafunzi hesabu wenyewe: dumu moja la lita 20 kwa siku litahitaji karibu kilo 30 za unga kwa kifaa kile cha Mojave, na karibu kilo 100 ukitegemea jua tu, tena unga wenyewe si wa bei ya saruji.

Kwa maoni yangu, kisima na tangi la mvua havitapata mshindani hivi karibuni pale ambapo vinawezekana. Penye maji ya chini ya ardhi yenye chumvi nyingi, au yasiyofikika, kifaa cha kutoa maji ya kunywa tu kwa watu wachache ni jambo la kufikiriwa kwa uzito. Kazi ambayo viunzi hivi vimeisogelea zaidi katika viwanda ni nyingine: CALF-20, iliyobuniwa Calgary nchini Kanada, imejaribiwa katika kiwanda cha saruji kunasa kaboni dioksidi, na sifa yake kubwa ni kwamba haivurugwi na unyevu wa moshi.

Wanafunzi wa Garissa huenda wakapenda pia kujua kwamba Yaghi alizaliwa Amman mwaka 1965 katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, na amesimulia jinsi maji ya bomba yalivyokuwa yakifunguliwa kwa saa chache tu kila baada ya wiki moja au mbili, naye akikimbia kuyakinga.

Swali: Mwaka 2023 video za kijiwe cheusi kinachoelea juu ya sumaku zilienea kila mahali, na ikasemwa kwamba umeme utasafirishwa bila kupotea hata kidogo. Baada ya hapo kimya. Je, uvumbuzi ule ulifichwa?
*Mwanafunzi, Zanzibar*

Jibu: Haukufichwa, ulipimwa hadharani ukashindwa, tena kwa wiki chache tu. Mnamo Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini walitangaza kwamba mchanganyiko wa risasi, shaba, fosforasi na oksijeni, walioupa jina LK-99, hupitisha umeme bila ukinzani wowote hata katika joto la kawaida, hadi kufikia nyuzi 127 za Selsiasi. Maabara za China, India, Ulaya na Marekani zikaanza kuutengeneza, kwa kuwa viambato vyake hupatikana kwa urahisi. Kilichogunduliwa ni kwamba sampuli nyingi zilikuwa na uchafu wa salfaidi ya shaba, na uchafu huo hubadili umbo lake la fuwele kwenye nyuzi 104 hivi, ukinzani wake ukashuka ghafla. Mteremko huo ndio uliodhaniwa kuwa ushahidi. Kule kuelea, kulikotajwa kuwa ushahidi mwingine, nako kulikuwa nusu nusu, upande mmoja wa kijiwe ukiwa umegusa sumaku, na usumaku wa kawaida uliomo ndani ya sampuli ulitosha kueleza kuelea huko. Watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Stuttgart walipoikuza fuwele safi isiyo na salfaidi, walipata kitu cha zambarau kinachopenyeza mwanga, chenye ukinzani wa mamilioni ya omu, yaani kihami, kitu kisichopitisha umeme.

Swali: Ndugu Mhariri, huku kwetu Mahenge tunaambiwa kwamba madini ya kinywe (grafiti) ndiyo yatakayotengeneza betri za magari ya umeme duniani. Sasa ninasoma kwamba Wachina wana betri za sodiamu ambazo hazihitaji lithiamu wala kinywe. Je, tumechelewa? Na ni kweli kwamba sodiamu hiyo hutoka kwenye magadi?
*Msomaji, Mahenge*

Jibu: Nianze na kemia yenyewe, maana jibu la biashara limo humo. Betri za aina zote mbili hufuata kanuni moja: ioni huhama kutoka elektrodi chanya (ncha moja ya betri) kwenda elektrodi hasi (ncha ya pili) betri inapochajiwa, na kurudi inapotumika, huku elektroni zikipita nje kwenye waya na kufanya kazi tunayoitaka. Katika betri ya lithiamu, elektrodi hasi kwa kawaida ni kinywe, ambacho ni matabaka membamba ya kaboni yaliyolaliana, na ioni za lithiamu hujipenyeza kati yake. Sodiamu haikai humo. Mara nyingi huelezwa kwamba ioni yake ni kubwa mno, na maelezo hayo yamerudiwa mpaka yamezoeleka, lakini hayatoshi, kwa sababu potasiamu, yenye ioni kubwa zaidi, huingia katika kinywe vizuri. Kasoro iko kwenye nishati: muungano wa sodiamu na kinywe si thabiti, kwa hiyo katika hali ya kawaida ya betri ni sodiamu kidogo sana inayoingia.

Njia ilipatikana mwaka 2000, D. A. Stevens na Jeff Dahn wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada walipoichoma glukosi pasipo hewa na kupata kaboni ngumu, yaani kaboni ambayo matabaka yake yamekaa shaghalabaghala na kuacha vitundu vidogo vidogo. Sodiamu ilijaa humo kwa kiasi cha miliampea-saa (kipimo cha chaji) 300 hivi kwa kila gramu. Kinywe, kwa lithiamu, kinadharia hufikia 372. Leo kaboni hiyo hutengenezwa kwa mabaki mengi ya mimea, na vifuu vya nazi ni miongoni mwa malighafi zinazotumika viwandani. Msomaji wa Tanga au Kilifi asianze kurundika vifuu uani kwa sababu hiyo: ni lazima majivu, hasa potasiamu, yaondolewe, joto lipite nyuzi 1000, na kila gunia litoe kaboni ileile kama la jana, jambo ambalo ndilo gumu kuliko yote.

Kwa hiyo ni kweli kwamba betri ya sodiamu hainunui kinywe. Lakini betri za lithiamu bado ndizo zinazotawala soko, na kila kilowati-saa ya betri hizo hutumia kinywe kipatacho kilo moja, hivyo gari lenye betri ya kilowati-saa 60 hubeba kilo 60 hivi. Mimi ningekuwa Mahenge, au Ruangwa ambako nako kuna kinywe, ningehofia zaidi kinywe cha viwandani kinachotengenezwa kutokana na mabaki ya mafuta ya petroli, na ukweli kwamba kazi ya kukisafisha kinywe cha machimboni na kukifanya chembe za mviringo zinazofaa betri imekaa karibu yote nchini China, nchi ambayo tangu Desemba 2023 hutaka kibali kwa usafirishaji wa bidhaa hizo nje. Thamani kubwa hupatikana katika hatua hiyo ya kusafisha, na tani ya kinywe inayoondoka Mahenge ikiwa ghafi imeiacha thamani hiyo kwa mwingine.

Kuhusu magadi, ndiyo. Kabonati ya sodiamu, ambayo ndiyo magadi yenyewe, ni malighafi ya kawaida ya elektrodi chanya za betri hizi, nayo huchimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya kwa zaidi ya miaka 100, na Tanzania inayo hazina yake katika bonde la Engaruka wilayani Monduli. Ila wingi huo huo unaoifanya sodiamu isifiwe ndio unaoifanya isimtajirishe mwenye nayo: sodiamu ni zaidi ya asilimia 2 ya uzito wa gamba la dunia, lithiamu haifiki hata sehemu moja ya mia ya asilimia moja, na magadi mengi ya viwandani huishia kwenye vioo. Betri hazitabadilisha hilo kwa haraka.

Bei nayo imeivuruga hesabu. Kampuni ya CATL ya China ilipotangaza seli zake za sodiamu mwaka 2021, zenye wati-saa 160 kwa kilo, lithiamu ilikuwa inapanda bei kwa kasi. Mwishoni mwa mwaka 2022 tani ya kabonati ya lithiamu ilikaribia yuan 600,000, na mapema mwaka 2024 ilikuwa chini ya 100,000. Waliotegemea tofauti ya bei walikwama, na kampuni ya Kimarekani ya Natron Energy, iliyotengeneza betri za sodiamu pekee, ilifunga shughuli zake Septemba 2025. China imeendelea: katika mkoa wa Hubei kituo cha kuhifadhi umeme wa gridi kwa betri za sodiamu, chenye megawati 50, kilianza kazi mwaka 2024. Uzito wa ziada wa betri za sodiamu hausumbui pale ambapo betri imekaa chini haiendi popote.

Swali: Mimi ni fundi wa sola. Wateja wameanza kuulizia betri za sodiamu. Naweza kuifungua ya lithiamu na kuiweka hiyo mahali pake?
*Fundi, Bungoma*

Jibu: Usifanye hivyo kabla ya kusoma karatasi ya vipimo. Seli ya lithiamu yenye fosfati ya chuma, ambayo ndiyo wengi wanayo majumbani, hukaa karibu na volti 3.2 kwa muda mrefu wa matumizi yake, lakini seli nyingi za sodiamu hushuka taratibu kutoka volti 4 zikiwa zimejaa hadi volti 2 au chini zaidi zikiisha. Inveta iliyopangwa kwa lithiamu itakata umeme mapema na kuacha chaji nyingi ndani, na mteja atakulaumu wewe. Vilevile kidhibiti chaji lazima kiwe kinaruhusu viwango vya juu na vya chini kuwekwa kwa mkono.

Kuna faida moja itakayokufaa wewe fundi hasa. Kwa kuwa sodiamu haiungani na alumini, seli hizi hutumia karatasi ya alumini pande zote mbili badala ya shaba upande hasi, na nyingi huweza kushushwa hadi volti sifuri wakati wa kusafirishwa bila kuharibika. Betri ya lithiamu ikishushwa hivyo, shaba yake huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti, yaani kimiminika cha betri, na ukiichaji tena unaweza kupata shoti ya ndani. Muuzaji asiyeweza kukutajia volti ya juu na ya chini ya seli anayokuuzia, mrudishie mzigo wake.