Mchango wa Maafa Usiingie Kwenye Simu ya Mtu

SWALI: Kikundi chetu cha WhatsApp kina wenyeji 180 wa Mai Mahiu, wengine wakiwa Doha na Minnesota. Mafuriko yakitokea tunachanga kupitia laini ya mweka hazina, na kila mara hesabu huleta ugomvi. Tufanyeje?
Msomaji, Naivasha

JIBU: Acheni kutumia laini ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu namna gani. Kwanza kuna Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa. Mweka hazina akiwa na deni, pesa zinazoingia hukatwa kulilipa bila yeye kuulizwa, na hesabu inapinda kabla hajagusa chochote. Pili, tangu Agosti 2023 laini ya M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Baada ya alfajiri kama ile ya Aprili 29, 2024, maji yalipowasomba watu wenu, michango humiminika kwa saa chache. Laini ikijaa, anayetuma huambiwa haiwezekani, na wengi hawajaribu tena.

Fungueni akaunti ya kikundi benki sasa, kabla ya mvua. Andaeni cheti cha usajili wa kikundi, katiba, kumbukumbu za mkutano uliochagua watia saini, vitambulisho vyao na PIN za KRA (nambari zao za mlipa kodi). Watia saini wawe watatu, wasiotoka nyumba moja, na pesa zitoke kwa saini mbili. Hamhitaji Paybill (nambari ya kulipia kwa M-Pesa) yenu wenyewe: mchangaji huingiza ya benki, kama 522522 ya KCB au 247247 ya Equity, kisha nambari ya akaunti yenu. Tarakimu moja ikikosewa, pesa zaweza kuangukia akaunti ya mtu mwingine. Kwa hiyo itumeni nambari hiyo kama ujumbe wa kawaida unaonakilika, si ndani ya picha ya bango.

Walio Minnesota wakitaka GoFundMe, jukwaa la kuchangisha mtandaoni, lazima mmoja wao aifungue kwa akaunti yake ya benki ya Marekani, kwa kuwa haitoi pesa moja kwa moja kwa benki za Kenya. Hukata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango. Mchango wa dola 5 hupoteza karibu senti 45. Wa dola 50, dola 1.75 tu. Basi wanaotoa kidogo kidogo wakusanye kwanza kwa mmoja wao, alipe kwa mkupuo.

Kila usiku saa tatu andikeni kikundini: salio la jana, zilizoingia, zilizotoka pamoja na picha ya risiti, na salio la leo. Msiruke siku, hata kama hakuna kilichoingia. Ugomvi mwingi huanzia siku za kimya. Orodha ya familia zilizosaidiwa ibaki kwa kamati. Aliyepoteza nyumba asianikwe pia sura.

SWALI: Nimetumiwa picha ya nyumba iliyosombwa na maji, pamoja na nambari ya Till, ile ya kulipia dukani kwa M-Pesa. Nitajuaje ni kweli?
Msomaji, Thika

JIBU: Ipitishe picha kwenye Google Lens, inayotafuta ilikowahi kutokea mtandaoni, kwani picha za mafuriko ya miaka iliyopita, hata ya nchi nyingine, hurudishwa sana. Uliza kijiji na jina la chifu, kisha mtafute mtu wa huko umpigie. Unapolipa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa la duka lisilohusiana na mchango, katisha. Kama umeshatuma, peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo, kwa sababu pesa zikishatolewa huwa hakuna cha kurudisha.