Baridi, Dirisha na Kikohozi cha Chumbani

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mbeya, na nimepanga chumba kimoja na wenzangu watatu maeneo ya Iyunga. Ikifika Juni baridi huwa kali, hivyo tunafunga madirisha usiku kucha. Mmoja wetu akianza kukohoa, baada ya siku chache tunakohoa wote, ingawa mlangoni tuna ndoo ya maji na sabuni, na kila Jumamosi tunajifukiza pamoja kwa majani ya mkaratusi. Je, likizuka tena janga kama la UVIKO-19, kinga hii itatutosha?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndoo hiyo msiiondoe, kwa kuwa kunawa kwa sabuni na maji tiririka kwa sekunde 20 huwaepusha na maradhi mengi, hasa ya kuhara. Lakini virusi vya UVIKO-19 huenea zaidi kwa hewa, na hapo ndipo chumba chenu kinapowaponza.

Asubuhi, kabla hamjafungua chochote, tazama kioo cha dirisha. Yale matone yanayochuruzika hadi kwenye fremu ni mvuke wa pumzi zenu uliokosa pa kutokea, na katika hewa hiyohiyo chembechembe zenye virusi huweza kuelea kwa saa kadhaa. Acheni upenyo dirishani usiku, hata mkiwa wazima wote, kwa sababu mtu huweza kuambukiza wenzake siku moja au mbili kabla hajaona dalili. Baridi ipunguzeni kwa blanketi la pili na soksi. Ninawasihi sana msiingize jiko la mkaa ndani ili kupata joto, kwani hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Vyuo vilivyofungwa Machi 2020, baada ya mgonjwa wa kwanza nchini kutangazwa tarehe 16, vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni, wakati ambapo huku Nyanda za Juu Kusini kila mtu anatafuta pa kujikunyata. Tuliwahimiza wanafunzi kuhusu ndoo na barakoa, tena ilikuwa sahihi, lakini kuhusu dirisha tulisema kidogo mno, jambo linaloniuma hadi leo.

Kujifukiza hufungua pua na kulainisha makamasi, ila hakuui virusi vilivyokwisha kuingia mwilini. Mkijifunika wanne chini ya blanketi moja, mnavutiana pumzi, mbali na hatari ya kumwagikiwa na maji ya moto.

Anayekohoa avae barakoa iliyofunika pua pia, awe na kikombe chake, na asiende darasani. Najua wengi huficha homa wakihofia kukosa jaribio. Mpelekeeni mwenzenu daftari na mumwombee ruhusa kwa mhadhiri, maana akijua hatapoteza alama hatakuwa na sababu ya kujificha. Chanjo ikitolewa, kama ilivyoanza kutolewa nchini Julai 2021, nendeni mapema. Kwa ushauri pigeni 199 bila malipo, lakini mwenzenu akihema kwa shida au midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu, mpelekeni hospitali usiku huohuo.