Uzito wa maji kwenye mabomba ya jengo: anza na kipenyo cha ndani

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako kwa makini. Una bomba la wima la chuma la inchi 4 lenye urefu wa mita 24, bomba jingine la ukubwa huo huo linaloning'inia chini ya zege la dari ili kulisha vinyunyizio vya kuzimia moto, na mabomba ya PPR (aina ya plastiki) ya milimita 32 yanayopeleka maji ya moto vyumbani. Unataka kujua yanabeba lita ngapi, na uzito huo unaegemea wapi. Nitakujibu kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe ninapokagua michoro kabla mafundi hawajaanza kutoboa zege.

Kanuni ni fupi. Chukua kipenyo cha ndani kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 0.000785; utapata lita zilizomo katika kila mita ya bomba, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa takriban kilo moja, namba hiyo hiyo ndiyo kilo zako. Maji yakiwa na nyuzi joto 60 za Selsiasi, lita moja hupungua hadi kilo 0.983, tofauti ambayo haibadilishi chochote katika uchaguzi wa klampu, yaani vishikizo vya bomba.

Kinachoharibu hesabu za watu wengi ni kipenyo chenyewe. Bomba la PPR huitwa kwa kipenyo chake cha nje, na ukuta wake ni mnene: lile la milimita 32 la daraja la PN20 (daraja la shinikizo la bar 20) lina ukuta wa milimita 5.4, kwa hiyo ndani hubaki milimita 21.2 tu, yaani lita 0.35 kwa mita. Mtu akiingiza 32 kwenye kanuni hupata lita 0.80, zaidi ya mara mbili ya ukweli. Bomba la chuma nalo lina tabia yake, kwa sababu inchi inayotajwa ni jina zaidi kuliko kipimo. La inchi 4 la daraja la kati la unene lina kipenyo cha nje cha milimita 114.3 na ukuta wa milimita 4.5, ndani ni 105.3, nayo ni lita 8.7 kwa mita. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba unene wa ukuta upimwe kwa kalipa kwenye bomba lililoletwa eneo la ujenzi, kwa kuwa daraja lililoandikwa kwenye mchoro si lazima liwe ndilo lililonunuliwa.

Sasa bomba la dari. Chuma kikavu ni kilo 12.2 kwa mita. Ukijumlisha maji, unapata kilo 20.9. Klampu zikiwekwa kila baada ya mita 3, kila moja inabeba takriban kilo 63, bila kuhesabu valvu na flanji (sahani za kuunganishia mabomba kwa bolti), ambazo ni nzito kiasi kwamba kila valvu kubwa inastahili kishikizo chake pembeni. Hata hivyo, usichague fimbo za kuning'inizia na ankra (bolti zinazofungwa ndani ya zege) kwa kilo 63. Kiwango cha Marekani cha NFPA 13, ambacho kinahusu vinyunyizio, kinataka kila kishikizo kiweze kubeba mara tano ya uzito wa bomba lililojaa maji na kuongeza kilo 114, jambo linalokufikisha kwenye kilo 430 hivi. Wapo wanaoona huo ni ubadhirifu. Mimi siuoni hivyo, kwa sababu ankra moja ikichomoka mzigo wake huhamia kwa jirani zake papo hapo, na bomba hili ndilo linalotegemewa siku ya moto.

Bomba la wima linahitaji fikra tofauti. Maji hayashikiliwi na ukuta ulio wima. Uzito wake, takriban kilo 209 kwa mita zako 24, hukandamiza kiwiko, yaani kona ya bomba, kilichoko chini. Kiwiko hicho kikiwekewa mguu imara juu ya sakafu, klampu za ghorofani zitabaki na chuma peke yake, ambacho ni kilo 293. Kikiachwa kikining'inia, maji huivuta nguzo nzima ya bomba kuelekea chini na klampu hulazimika kubeba kilo 502 zote. Kwa hiyo mguu wa kiwiko uonyeshwe kwenye mchoro na ukaguliwe kabla ya kujaza maji. Shinikizo pale chini, takriban bar 2.35, hutokana na kimo cha maji peke yake. Bomba la inchi 1 lenye kimo hicho lingekuwa na shinikizo lile lile.

Kwa upande wa maji ya moto, uzito ni mdogo, lakini ujazo una kazi mbili. Mita 20 za PPR yako zina lita 7 zilizopoa, ambazo mtu atazimwaga kwa zaidi ya dakika moja kwenye bafu la manyunyu linalotoa lita 6 kwa dakika. Pia maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa karibu asilimia 1.5. Tangi la lita 200 pamoja na mabomba yake litahitaji nafasi ya lita 3 na zaidi kidogo, na mfumo ukiwa umefungwa bila chombo cha kupokea utanukaji, valvu ya usalama ndiyo itakayoyamwaga maji hayo kila tangi linapopashwa moto.