Mume wangu ndiye mkalimani wangu kliniki

Shikamoo Mama Mkunga. Nina mimba ya miezi sita, niko Reading, Uingereza, kwa viza ya mke. Mume wangu ni raia wa huku. Kiingereza changu ni kile cha kufaulia mtihani wa viza, kwa hiyo kliniki yeye ndiye anayenitafsiria. Juzi mkunga alinishika mkono palipovilia damu, akauliza kitu. Mume akaniambia, "Anauliza kama unakula mboga." Nikaitikia. Ananipiga, na husema nikifungua mdomo nitapandishwa ndege. Nifanyeje?
Wa Tanga

Marahaba, mwanangu. Mboga hizo zimeninyima usingizi. Nami zamani nikizalisha huko kwetu nilimwacha mume amjibie mke, nikaona ni adabu.

Mkalimani wa kliniki ni bure, na utaratibu wa NHS, huduma ya afya ya serikali ya huko, hautaki mume aifanye kazi hiyo. Ukipewa kichupa cha mkojo unakwenda chooni peke yako. Mkunga wako mwambie hapo njiani. Kiingereza cha mtihani kinatosha: peke yangu, Kiswahili, simu. Najua unachohofia, Waswahili wa mji mmoja mnajuana. Omba mwanamke, kwa simu, asiyekaa Reading. Jina lako huna haja ya kumtajia.

Ukishampata, usiseme "nyumbani kuna matatizo kidogo." Lugha yetu ina sitara nyingi, naye atatafsiri sitara hiyo hiyo, mkunga ataandika matatizo kidogo. Sema: mume wangu ananipiga, mara ya mwisho siku fulani, alinipiga hapa. Omba yaandikwe kwenye faili la hospitali, si kwenye daftari au programu ya simu anayoiona mumeo. Maandishi hayo yatakufaa kwenye viza.

Maana hilo la ndege ni fimbo nyingine tu. Mke wa raia aliyeachana na mumewe kwa sababu ya kupigwa anaweza kujiombea mwenyewe ukaaji wa kudumu. Ipo pia ruhusa ya miezi 3 ya kupata msaada wa serikali wakati unajiandaa, ila inafuta viza uliyo nayo. Muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote.

Sikufichi: mkunga akiona mtoto yuko hatarini, atawaarifu ustawi wa jamii. Muulize hilo kabla hujaanza kusema. Na namba ya simu ya msaada kwa wanaopigwa majumbani, 0808 2000 247, ni bure, saa 24. Wakipokea sema "Swahili" usubiri, ukimaliza uifute kwenye simu.