Godoro moja, watoto wengi

SWALI: Mwanangu, mjukuu wangu anafanyiwa mazoezi ya viungo kliniki. Watoto wote hulazwa godoro moja, na juzi karudi na kikohozi. Nimwachishe? – Bibi, Ujiji

JIBU: Shikamoo, bibi. Usimwachishe, viungo vikishakaza, kuvilegeza ni kazi ndefu. Beba khanga safi umtandikie. Mwombe mhudumu, bila kuona haya, afute godoro kwa dawa kabla ya zamu yenu na anawe mikono kwa sabuni, sekunde 20. Mimi mwenyewe, mhudumu wa mazoezi kama haya, nikiombwa hivyo hufurahi. Madirisha yawe wazi, hata vumbi la kiangazi likiingia. Siku ana homa, msiende mazoezini. Mpeleke akapimwe malaria. Kikohozi kikifika wiki 2, apimwe kifua kikuu.