Madogo wa Tashkent, mbio hizo si za kutangulia

Juzi kwenye banda la gemu hapa Chikongola nimekaa nyuma nikitazama madogo watatu wakizamishwa wakiwa na Tashkent zao, ile destroya (manowari ndogo yenye mbio) ya Kisovieti kwenye gemu la World of Warships, mmoja baada ya mwingine, mechi hata haijachangamka. Nikanyamaza. Wa nne akaniuliza, "Kaka, hii meli si mbovu tu?" Hapo nikashindwa kunyamaza. Sikilizeni.

1. Mbio ni za kutokea, si za kuingilia. Hata Tashkent ya kweli, iliyoundwa Livorno, Italia, kwa ajili ya Wasovieti, mwaka 1942 ilipenya mzingiro wa Sevastopol ikatoka na majeruhi na raia. Sifa yake ni kutoka.

2. Duara la kati, lile la kuteka ili timu ipate pointi, waachie wenye meli ndogo zisizoonekana.

Hili nimelilipia. Ilikuwa usiku, msimu wa korosho, banda limejaa watu wenye hela na ushauri. Nikawasha nyongeza ya mwendo mechi ilipoanza tu, washikaji nyuma yangu wanapiga kelele, "Nenda, mwanangu, nenda!" Kwenye ramani ndogo timu yangu yote ilikuwa imebaki nyuma kabisa. Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nikajiona jasiri. Nikaingia duarani, nikaikuta destroya ya Kijapani ambayo ilishaniona zamani, nikafyatua. Ukishafyatua, sekunde 20 unaonekana hadi mwisho wa masafa ya mizinga yako. Nikakata usukani nirudi. Sasa Tashkent inageuka kama lori la korosho uchochoroni: mwendo unashuka, ubavu wote uko nje. Kruza mbili, manowari za ukubwa wa kati, zikanikamata katikati ya kona, na kona sikuimaliza.

Aibu yenyewe ilikuja baadaye. Niliwageukia watu nikasema pingi imepanda, yaani intaneti inachelewa. Wakakubali, maana intaneti kusumbua hapa Mtwara si habari. Ila dogo mmoja alikuwa ameinamia skrini, akanyoosha kidole kwenye ile namba ya pingi pale juu, bila kusema neno. Ya kijani kabisa. Mpaka leo nikilalamikia kitu chochote, hata wali kutoiva, lazima mtu aulize, "Pingi, eti?"

3. Geuka kwanza, ndipo ufyatue. Wape mkia, piga ukiondoka, risasi za kulipuka kwa manowari kubwa mpaka ziwake moto. Risasi za 130 mm zinakwenda kasi na hazipandi sana, kwa hiyo kulenga kwa mbali si shida. Usukani uchezee kila mara, mwendo nao upunguze na uongeze. Risasi za kutoboa za manowari kubwa zikikupata, mara nyingi hupita upande hadi upande na kukupa asilimia 10 tu ya madhara. Usiende kusema nimekuahidi, lakini.

4. Moshi: mwaga, ondoka. Ukikaa ndani, rada inakuona vilevile na topido zinakujia. Ile ya kweli ndege za Wajerumani ziliizamisha Julai 1942 ikiwa bandarini Novorossiysk, imesimama. Nyie mnasimama kwa hiari!

5. Bando. Likikata katikati ya mechi, meli haisimami. Inaendelea na mwendo ulioiachia, zaidi ya maili 40 za baharini kwa saa, moja kwa moja kwa adui. Weka vocha kwanza, dogo, halafu ndio ubonyeze kuingia.